Mwezi wa Kwanza wa Gitaa

Ziko kazi ambazo humpokea mgeni kwa upole. Mtoto apewaye ngoma huweza kuipiga siku ile ile, na ijapokuwa mlio wake hauna ustadi, ni mlio wa ngoma. Apewaye kinanda hubonyeza kipande kimoja, na sauti hutoka safi kana kwamba imepigwa na fundi. Gitaa halina desturi hiyo. Humpokea mgeni kwa maumivu, na baada ya maumivu humpa aibu, maana uzi alioukandamiza kwa nguvu zake zote hautoi wimbo, hutoa mkwaruzo kama wa bati. Siku ya pili ncha za vidole zinamwaka moto. Siku ya tatu ndugu zake wamechoka kumsikia. Wiki ya pili gitaa limetundikwa ukutani, na mwenyewe amekwisha jihukumu kwa maneno haya: "Mimi sina kipawa."

Nataka kusema juu ya hukumu hiyo, maana naiona kuwa ni ya uongo, tena ina hasara. Mwezi wa kwanza wa gitaa haupimi kipawa cha mtu. Hupima ngozi ya vidole vyake, na kimo cha nyuzi juu ya shingo ya gitaa alilopewa, na muda alioruhusiwa kulishika. Katika hayo yote kipawa hakimo.

Katika shule nyingi gitaa ni moja na watoto ni wengi. Basi mwalimu, akitaka kutenda haki, huwapanga mstari, kila mmoja alishike kidogo, kisha huchagua watano au sita ambao sauti zao zimetoka vizuri, na hao ndio watakaopiga siku ya sikukuu. Wengine hurudishwa kwenye kuimba na kupiga makofi. Mwalimu huyu hana nia mbaya. Lakini tazama amechagua nani. Amechagua mtoto ambaye kwao kuna gitaa la kaka yake, na ngozi yake imekwisha kuwa ngumu. Amechagua mtoto mwenye vidole virefu kuliko wenzake. Pengine, kwa bahati, amechagua na mmoja mwenye kipawa kweli. Walioachwa hawana pa kukata rufani, na lililo baya zaidi ni kwamba wao wenyewe huiamini hukumu ile. Wako watu wazima wenye masikio mema, waimbaji wa sauti ya tatu wasiopotea hata wimbo uwe mgumu namna gani, wasemao kwamba gitaa si lao kwa sababu walilijaribu siku mbili walipokuwa watoto. Siku mbili! Mtu hawezi kujua ugali wa nchi ya kigeni kwa tonge mbili, seuze chombo cha nyuzi sita.

Ili tuyaelewe mambo haya yafaa tukitazame chombo chenyewe. Uzi mwembamba kuliko wote, ulio chini karibu na goti la mpigaji, huitwa wa kwanza. Ulio mnene kuliko wote, ulio juu karibu na kidevu chake, huitwa wa sita. Upande mmoja nyuzi zimefungwa katika daraja lililogundishwa kifuani mwa gitaa. Upande wa pili zimefungwa kichwani, penye vishikio vya kuzungusha ili kukaza au kulegeza. Kabla ya kufika kichwani hupita katika mifereji sita ya kipande kidogo cha mfupa. Juu ya shingo vimelazwa vyuma vyembamba vikikatiza njia ya nyuzi. Mtu akikandamiza uzi nyuma ya chuma, uzi hufupika na sauti hupanda. Chuma cha 12 kimewekwa katikati ya urefu wa uzi, na hapo sauti ni ile ile ya uzi mtupu, ila imepanda kutoka do ya chini hata do ya juu.

Nyuzi hizi hazikulegea. Nyuzi sita za chuma zilizokazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 70 hivi, kana kwamba mtu mzima amening'inia shingoni mwa gitaa mchana na usiku. Za nailoni huvuta pungufu, kama kilo 40. Mtoto hapambani na nguvu hizo zote kwa mara moja, lakini sehemu yake humfikia katika ncha ya kidole, juu ya uzi wa kwanza ulio mwembamba kama uzi wa kushonea. Kitu chembamba kilichokazwa hukata. Basi akilia, halii kwa sababu ni dhaifu. Analia kwa sababu ambayo ingemliza hata bondia.

Mwili una dawa yake, nayo ni sugu. Mkulima ana sugu kiganjani kwa mpini wa jembe, na mpiga makasia vile vile. Na mtoto aendaye pekupeku hukanyaga changarawe asiitambue, hali mwenzake mwenye viatu huirukaruka kama kuku juu ya majivu ya moto. Hakuna aliyezaliwa na sugu, wala hakuna asemaye kwamba mkulima fulani ana kipawa cha ngozi. Vidole vya mpiga gitaa huota sugu kwa muda wa wiki mbili hata nne, aghalabu, akipiga kidogo kidogo kila siku. Akipiga Jumamosi tu, kwa saa mbili mfululizo, huumia sana Jumamosi ile, ngozi hurudia ulaini wake katikati ya juma, na Jumamosi ifuatayo huumia upya. Mtu wa namna hii aweza kuumia mwaka mzima asipate sugu iliyo imara.

Yako mambo madogo ya kuitunza ngozi hiyo. Asipige mara baada ya kuoga au kufua, maana ngozi iliyolowa hukatika upesi. Asiibandue kwa meno ngozi inayochambuka. Likitokea lengelenge, apumzike mpaka lipone. Kucha za mkono unaokandamiza zikatwe ziwe fupi kabisa, ama sivyo ncha ya kidole haiwezi kusimama juu ya uzi.

Lakini sitaki mtu adhani kwamba kila maumivu ni ya kuvumiliwa. Maumivu ya ncha za vidole ni ya haki, nayo hupita. Maumivu ya kifundo cha mkono, ya kiwiko, ya bega, au ya shina la kidole gumba ni habari nyingine. Hayo yasema kwamba mtu amekaa vibaya, au amekunja mkono kupita kiasi, au anaibana shingo ya gitaa kama mtu amkabaye mwizi. Hapo dawa ni kuacha, kunyoosha mkono, na kukaa upya. Mwalimu awaambiaye watoto "vumilieni" bila ya kuuliza wanaumia wapi hawasaidii.

Tena sehemu kubwa ya nguvu wanayoitumia wanaoanza ni ya bure. Fanya jaribio hili. Kandamiza uzi wa pili katikati ya nafasi iliyoko baina ya vyuma viwili, kisha uupige. Utahitaji nguvu nyingi ili usitetemeke. Sasa sogeza kidole mbele mpaka karibu kabisa na chuma, ila usikipande. Punguza nguvu polepole huku unaupiga. Utaona kwamba sauti imebaki safi, na nguvu imepungua sana. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ningemfundisha mtoto, kabla ya wimbo wowote, kwa sababu humfundisha kwamba mkwaruzo una sababu. Ukikwaruza, kidole kiko mbali na chuma. Sauti ikifa kama iliyozibwa mdomo, kidole cha jirani kimeugusa uzi usio wake. Mtu ajuaye sababu ya kosa lake hatasema tena habari ya kipawa.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Naiheshimu methali hiyo shambani, walakini katika gitaa imewadhulumu wengi. Yako magitaa ambayo hata fundi mkubwa hawezi kuyapiga bila ya kuumia, nayo ndiyo aghalabu wapewayo watoto, kwa kuwa ni ya bei ndogo, au ni ya zamani, au yamesahauliwa juani mpaka gundi ikalainika na shingo ikapinda. Litazame gitaa lako kwa ubavu, penye chuma cha 12. Ikiwa nafasi iliyopo kati ya chuma na uzi wa sita haizidi milimita 3, gitaa lako ni rafiki. Ikiwa ni milimita 5 au zaidi, gitaa lako ni adui, na kazi ya kwanza ni kufanya naye suluhu. Kisha kandamiza uzi wa kwanza nyuma ya chuma cha kwanza, halafu nyuma ya chuma cha tatu. Ikiwa pale pa kwanza ni pagumu mno kuliko pa pili, mifereji ya ule mfupa wa kichwani haikuchimbwa vya kutosha. Fundi mwenye tupa ndogo huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi, ila awe na mkono wa uangalifu, maana mfereji uliochimbwa kupita kiasi hauzibiki kwa urahisi.

Na pasipo fundi? Legeza kila uzi, ushuke ngazi moja nzima, kama kutoka re kwenda do. Halafu chukua penseli, ilaze juu ya nyuzi zote nyuma tu ya chuma cha pili, na uifunge kwa mpira mpaka ibane sawasawa. Penseli hufanya kazi ya ule mfupa wa kichwani, tena huzishusha nyuzi karibu na shingo. Sauti hurudi pale pale zilipokuwa kabla ya kulegeza, nyuzi ni laini zaidi, na kwa kuwa nafasi za vyuma huzidi kuwa nyembamba kadiri unavyokaribia kifua cha gitaa, hata mkono mdogo huweza kufika. Yuko mtoto aliyeambiwa kwamba mikono yake ni midogo mno kwa gitaa, kumbe alihitaji penseli na mpira.

Nyuzi zenyewe nazo zina historia yake. Zamani nyuzi nyembamba za gitaa la Kihispania zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo, nazo zilikatika mara kwa mara. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia utumbo ulitakiwa kwa kushonea majeraha, ukaadimika. Ndipo Albert Augustine, fundi wa New York, akajaribu nailoni, naye Andrés Segovia, mpiga gitaa mkubwa wa Hispania, akamsaidia kwa kuzijaribu nyuzi hizo. Leo nailoni ndiyo nyuzi za upole kwa vidole vipya. Lakini angalia: gitaa lililoundwa kwa nailoni usilivalishe nyuzi za chuma hata kidogo. Zile kilo zilizozidi zitaling'oa daraja kifuani, na utakuwa huna gitaa wala nyuzi.

Najua watakaonijibu. Watasema kwamba shida humkomaza mtoto, na kwamba asiyeweza kushindana na gitaa baya hastahili jema. Neno hili lina sauti ya hekima, lakini nikilichungua naliona ni tupu. Shida humkomaza mtoto ikiwa juhudi yake yaleta tofauti. Mtoto anayekandamiza mahali pasipofaa akasogeza kidole akasikia sauti njema, huyo amekomaa kwa kiasi hicho. Mtoto ambaye gitaa lake litakwaruza hata afanye nini, hajifunzi subira. Ajifunza kwamba juhudi haina faida, na somo hilo atalichukua hata katika hesabu.

Kadhalika mtoto asiachiwe gitaa ambalo sauti zake hazikulinganishwa. Nyuzi mpya hunyooka siku za kwanza na kushuka kila saa, na hewa ya joto na unyevu huzisumbua. Njia ya kale ingali inafaa: kandamiza uzi wa sita nyuma ya chuma cha 5, na sauti yake iwe sawa na uzi wa tano mtupu, fanya hivyo kwa kila uzi na jirani yake, ila uzi wa tatu ukandamizwe kwenye chuma cha 4 ili upate sauti ya uzi wa pili. Mwanzoni mwalimu na alinganishe yeye. Masikio ya mtoto yatajifunza kwa kusikia kilicho sawa.

Sasa tuje kwenye nyimbo. Hapa mtoto wa shule ana mali ambayo hakuitambua, nayo ni do re mi. Mtindo huo John Curwen wa Uingereza aliueneza katika karne ya 19, na shule za misheni zikauleta Afrika Mashariki, na kwaya nyingi zingali zikiutumia. Tukiiweka do mahali pafaapo, nyuzi tupu za gitaa, kuanzia wa sita hata wa kwanza, huimba hivi: mi, la, re, so, ti, mi. Basi sauti tano kati ya zile unazozijua zimo tayari, na kidole hakijagusa kitu. Lakini uzi wa pili waimba ti. Weka kidole cha shahada nyuma ya chuma chake cha kwanza, nao utaimba do. Ukipiga sasa nyuzi tatu za mwisho, yaani wa tatu, wa pili na wa kwanza, utasikia so, do, mi. Huo ni mpatano wa do, uliopatikana kwa kidole kimoja. Kiinue kidole hicho, na kidole cha pete kiweke uzi wa kwanza nyuma ya chuma cha tatu. Piga nyuzi nne za mwisho, na utasikia re, so, ti, so, yaani mpatano wa so. Kwa mipatano hii miwili nyimbo nyingi za watoto huimbika tangu mwanzo hata mwisho. Namlaumu mwalimu ambaye siku ya kwanza humpa mtoto mshiko wa vidole vitatu katika nyuzi sita, hali angaliweza kumpa wimbo mzima kwa vidole viwili.

Baadaye, sugu zikianza, mpatano kamili wa do hushikwa hivi: kidole cha shahada pale pale katika uzi wa pili, kidole cha kati katika uzi wa nne nyuma ya chuma cha pili, na kidole cha pete katika uzi wa tano nyuma ya chuma cha tatu, uzi wa sita haupigwi. Sasa kinyanyue kidole cha pete peke yake, ukiweke katika uzi wa tatu nyuma ya chuma cha pili. Umepata mpatano wa la, ule wenye huzuni. Vidole viwili havikusogea. Kwa nini? Kwa sababu mpatano wa do ni do, mi, so, na mpatano wa la ni la, do, mi. Vidole viwili vilivyotulia ndivyo vinavyoshika do na mi, ambazo ni mali ya mipatano yote miwili; kilichohama ndicho kilichoigeuza so kuwa la. Mtoto akiliona jambo hili mara moja kwa macho yake, gitaa haliwi tena fumbo la mahali pa kuweka vidole. Lawa kwaya ndogo, ambamo waimbaji wengine hushikilia sauti yao na mwingine hupanda.

Ndiyo maana siwapendezwi na haraka ya mpatano wa fa. Kuupata wote hapana budi kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zaidi ya moja, karibu na ule mfupa wa kichwani, mahali ambapo nyuzi ni ngumu kuliko pote. Wanafunzi wengi wamelifia gitaa hapo. Nao waalimu huuleta mapema kwa sababu nyimbo za do zautaka. Lakini wimbo si mti, waweza kuhamishwa. Hamisha do iwe juu ya sauti ya uzi wa tano mtupu, na mipatano mitatu mikuu ya wimbo, ya do na ya fa na ya so, yote itashikika bila ya kulaza kidole. Fa ile ngumu na ingoje mwezi wa tatu au wa nne. Itakuwa pale pale.

Kosa moja la wanaoanza huwadhuru kuliko vidole vibaya. Mkono wa kushoto ukichelewa kufika kwenye mpatano mpya, wao huusimamisha mkono wa kulia ungoje. Wimbo hukatika, waimbaji hupotea, na kusanyiko hucheka. Afadhali mara elfu mkono wa kulia uendelee na mwendo wake, hata ikiwa kwa pigo moja umepiga nyuzi tupu. Msikilizaji husamehe sauti moja iliyopotoka. Mwendo uliovunjika hausamehe, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imekwisha uamini. Basi piga polepole, polepole hata ikuudhi, kwa mwendo ambao mkono wa kushoto aweza kuufikia bila ya mbio.

Msikilizeni Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Katanga, katika Kongo, naye aliimba kwa Kiswahili cha nchi ile. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, mji ambao sasa waitwa Likasi, akazinasa nyimbo zake, mmoja wao ukiitwa Masanga. Wasikilizaji waweza kudhani wapigaji ni wawili. Alikuwa mmoja, tena mkono wake wa kulia ulitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu: gumba likienda na nyuzi nene bila ya kusita, shahada ikicheza juu ya nyuzi nyembamba. Vidole viwili vilivyoshika mwendo vimeshinda kumi visivyojua saa.

Lakini mfano ulio na nguvu zaidi kwa neno langu ni wa Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910 katika kabila la Wagypsy, watu waliokaa katika magari ya kukokotwa. Alipokuwa na miaka 18 alikuwa amekwisha kuwa mpigaji mwenye sifa. Mwaka huo, 1928, gari lake liliwaka moto usiku, na mkono wake wa kushoto ukaungua vibaya. Kidole cha pete na kidole cha mwisho havikunyooka tena maisha yake yote. Ilimpasa kuanza upya, akikimbiza vidole viwili juu ya shingo ambapo wengine wana vinne. Mwaka 1934 yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli walianzisha kikundi huko Paris ambacho rekodi zake zingali zikisikilizwa. Fikirini sasa: mtu ambaye kipawa chake kilikuwa kimekwisha julikana, lau angaliwekwa katika ule mstari wa mwalimu wetu mwezi wa kwanza baada ya moto, angalirudishwa kwenye kupiga makofi. Kipawa chake hakikuwa kimepungua hata punje. Kilichokuwa kigeni ni mkono tu.

Na hapa niseme neno juu ya watoto watumiao mkono wa kushoto, ambao huvutwa masikio kwa kuligeuza gitaa. Elizabeth Cotten, mwanamke mweusi wa North Carolina katika Marekani, alikuwa wa mkono wa kushoto. Aliligeuza gitaa lile lile la watu wa mkono wa kulia, nyuzi nene zikawa chini, akapiga nyuzi nene kwa vidole na wimbo kwa gumba. Upigaji wake leo hufundishwa kwa jina lake. Tena alikuwa mwanamke, jambo ambalo nalitaja kwa ajili ya wale wavulana wanaolishikilia gitaa la shule kana kwamba ni mali ya baba zao.

Ikiwa gitaa ni moja na watoto ni 20, ningependa shule ifanye hivi. Kila mtoto alipate kwa dakika kumi, siku tano za juma, wanne kabla ya kengele ya asubuhi, wengine wakati wa mapumziko na baada ya masomo, na orodha ibandikwe mlangoni ili wakubwa wasiwanyang'anye wadogo. Anayengoja zamu asikae bure. Na ashike ubao mwembamba uliochorwa nyuzi na vyuma kwa mkaa, abadilishe mipatano juu yake huku akiimba; vidole hujifunza njia hata pasipo sauti. Aliye na gitaa la debe, lile la kujiundia kwa bati na waya wa breki ya baiskeli, asichekwe. Mkono wake wa kulia wapata pale mwendo ambao wenzake hawana. Na kusiwe na kuchagua wapigaji wa sikukuu kabla ya mwezi wa tatu kwisha.

Mwezi huo ukiisha, mwalimu na awaite wote, hata walioacha. Kwanza alitazame gitaa kwa ubavu penye chuma cha 12. Kisha alinganishe nyuzi. Halafu amwombe kila mtoto anyooshe mkono wake wa kushoto, aziguse ncha za vidole vyake, na asiyekuwa na sugu apewe mwezi mwingine kabla ya kuulizwa wimbo.